Kimya cha Desibeli Sitini

Zlín, Oktoba. Alfajiri
silinda mbili za chuma zinaanza kuzunguka kuelekeana,
moja ina haraka kidogo kuliko mwenzake,
nami nazilisha mpira
mweupe kama jibini iliyosahauliwa dirishani.

Kisha masizi.
Masizi hayana adabu:
hufika kabla hujayaita,
huingia kwenye kope, kwenye mkate,
chini ya pete niliyoivua mwaka jana
na ambayo bado imeacha mviringo kidoleni.
Daktari Hynek hupima kwa gramu. Mimi hupima kwa sikio:
mpira ukishiba hulia kati ya silinda
kama mtu atafunaye mdomo wazi.

Kazi yetu ni kuziba ufa.
Si ufa wa maji, si wa upepo.
Kasha la chuma lina mlango, mlango una ukingo,
na katika ukingo huo, mwembamba kuliko ukucha,
mawimbi ya simu, ya rada, ya kila mnara mlimani
hupenya kama umbea.
Chuma na chuma havikumbatiani sawasawa.
Panatakiwa kitu laini, kinachokubali kubanwa,
na hapohapo kinachopitisha umeme.
Na mpira, tangu hapo, umeme hauutaki:
ndiyo maana mafundi wa nguzo huvaa glavu zake.

Haba na haba hujaza kibaba?
Kibaba hiki ni kibishi.
Tulitia masizi sehemu nne kwa mia: mpira kimya.
Sita: kimya. Nane: sindano ya mita imelala
kama paka wa bawabu.
Tisa na nusu,
sindano ikaruka.
Chembe moja ilimgusa jirani, jirani akamgusa jirani,
wakawa safu ya watu wapokezanao ndoo usiku wa moto
toka kisimani hadi juu ya paa.
Hynek alisema neno ambalo halimo kwenye ripoti.

Lakini kuruka si kuziba. Tukapanda mpaka thelathini.
Mpira ukakakamaa kama soli ya buti, ukapasuka kwenye kona.
Tukashuka. Tukaongeza vineli vya kaboni
ambavyo jicho halivioni na bajeti inaviona vizuri sana.
Majira ya joto yakaisha hivyo.

Jana mashine ya vipimo ilikuwa ikihudumiwa na watu wa Brno.
"Nipe simu yako," Hynek akasema, "yangu imezimika."
Tukaifungia kashani, skrubu nane,
ukanda wangu mweusi ukibonyea pande zote.
Akapiga kwa simu ya mezani.
Makasha yote ya awali yaliita,
kwa aibu, kama mtoto anayecheka ndani ya blanketi.
Hili halikuita.
(Leo mashine imethibitisha: desibeli sitini;
katika sehemu milioni za wimbi, imepita moja.)
Tukaiacha humo saa nzima, kwa fahari tu,
tukila keki ya mbegu za popi juu ya magazeti.

Tulipofungua, simu iliutafuta mnara,
ikatetema kiganjani:
umetafutwa na namba hii mara tatu.
Namba ya baba, Vizovice.
Baba, ambaye hajanipigia tangu pete itoke,
miezi kumi na minne
ya kimya kisichohitaji mpira wala masizi.

Nikapiga, kioo kikichafuka.
Akapokea. Akakohoa.
"Ngazi," akasema. "Ile ndefu. Plamu zitaoza mtini
na sijui uliiweka wapi."
"Nyuma ya banda. Chini ya turubai."
"Aha."

Kisha hakukata.
Nilimsikia akipumua,
upepo ukikwaruza kinywa cha simu,
mbwa, halafu tena pumzi.
Hynek alinionyesha saa yake ya mkononi; nikampa mgongo.
Nilikuwa nikihesabu.
Nane kwa mia.
Labda tisa.